Dawa Isiyouma Siiamini

Mimi nimelelewa kwa dawa zinazouma. Nilinyweshwa mwarobaini uliochemshwa mpaka ukatisha. Nilimiminiwa mafuta ya nyonyo huku shangazi mmoja amenibana pua na mwingine amenishika miguu. Nilipougua kweli nikapelekwa kudungwa sindano. Enzi zile daktari aliyekupa vidonge vitupu alionekana hajahitimu, na ukirudi nyumbani huchechemei, majirani walikuuliza kama ulimkuta. Sasa mtu wa malezi hayo umwambie kwamba goti lake litapata nafuu kwa kusimama ndani ya maji ya uvuguvugu asubuhi na mapema, akipunga mguu mbele na nyuma taratibu, bila ya maumivu! Umemtukana yeye, na goti lake pia.

Goti lenyewe ni la kulia, na si goti la mchezo. Limetumikia ofisi zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Lilianza kwa kulalamika nikiinuka kitandani. Kisha likawa linalalamika nikishuka matatu. Mwishowe likawa linalalamika hata nimekaa kitako na hakuna aliyeligusa, nikajua sasa limerithi tabia yangu. Nikipanda ngazi lilitoa mlio, kaka-kaka-kaka, na shemeji yangu anayekaa ghorofa ya tatu alikuwa akiusikia tu, biriani inafichwa kabla sijapiga hodi.

Nililitibu kiume. Nilikwenda kwa mkandaji akalisokota mpaka nikawataja marehemu wa ukoo wetu mmoja baada ya mwingine. Nikaumikwa chuku. Nikapakwa mafuta ya habasoda, nikapakwa ya karafuu, kisha nikapata dawa ya kuchua iliyokuwa kali hata paka wetu akahamia kwa jirani. Zote ziliuma, na isiyouma iliwasha. Zote nilizipenda. Hakuna hata moja iliyonisaidia, lakini kila nilipotoka huko nilikuwa na hakika kwamba nimetibiwa.

Ndipo mke wangu akanikokota kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimkuta binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu, mwenye upole ulionitia shaka tangu salamu. Alilikunja goti, akalikunjua, akaitazama eksirei, akanieleza kwamba gegedu langu limelika. Gegedu ni ule utando mororo unaofunika ncha za mifupa ili isisagane.

"Litaota tena?" nikauliza.

"Haliwezi kurudi lilivyokuwa, baba. Ila misuli inayolishikilia goti ikipata nguvu, goti nalo hupata nafuu. Ukilipumzisha tu, linazidi kukakamaa."

"Basi nipe mazoezi makali, mwanangu. Usinionee haya."

"Nitakupa laini. Ndani ya maji. Unakaa karibu na bahari?"

Nakaa Kisauni. Kutoka kwangu mpaka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ule ambao kila mtu anauita Pirates, ni safari fupi ya matatu. Nilifungua kinywa kusema ni mbali, mke wangu akakohoa.

"Nenda asubuhi, baba, kabla jua halijawa kali. Maji yakufike kifuani. Tembea humo polepole. Ikianza kuuma, punguza."

"Ikiuma nipunguze? Sasa itafanyaje kazi?"

Akanitazama kwa huruma, akaandika maelezo yake kwenye karatasi, akaniteremshia bili. Yaani nimetoa pesa zangu za halali, nikaambiwa nikaoge.

Kilichonikereketa zaidi ni kwamba marehemu nyanya yangu angeniambia hayo hayo bure. Wazee wa pwani hii walikuwa wakiupokea mwaka mpya, Nairuzi, kwa kuteremka baharini kuoga, ili nuksi na maradhi ya mwaka uliopita yabaki huko huko majini. Kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa hadi leo kila Julai, na wanaume hukutana uwanjani wakatwangana kwa mapande ya migomba. Hiyo ni tiba ninayoielewa. Ina kuoga, naam, lakini pia ina kuchapwa.

Habari zikaenea katika ukoo, kila mtu akawa na lake. Shemeji wa ghorofa ya tatu alisema bahari si kitu, niende Ziwa Bogoria, huko maji ni moto kweli. Ni moto kweli. Chemchemi zake zinatokota, na wageni huenda na mayai yao wakayachemsha humo. Nilimshukuru shemeji kwa kunitakia mema.

Binti yangu naye, ambaye husoma kila kitu duniani isipokuwa ujumbe ninaomtumia nikiomba hela, aliniletea kisa cha Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Mwaka 1921, akiwa na miaka 39, Roosevelt alipooza miguu kwa maradhi ambayo madaktari wake walisema ni polio. Mwaka 1924 akasikia habari za chemchemi za Warm Springs katika jimbo la Georgia, ambako maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 31 hivi. Akaenda akaingia, akaona ndani ya maji miguu inamtii kidogo, akapapenda mahali pale hata mwaka 1926 akapanunua, kisha pakageuzwa kituo cha kuwatibu wengine waliopooza.

"Akapona?" nikamuuliza binti yangu.

"Hakuweza tena kutembea bila kusaidiwa, baba. Lakini alipata nguvu, akapata moyo, akashinda urais mara nne."

Nikamwambia mimi sitaki urais. Nataka kushuka matatu bila utingo kunishika kwapa.

Basi nikaenda. Na kwa kuwa nilikwenda kutafuta kosa, nimeyachunguza maji yale kuliko mtu yeyote wa Bamburi, na kazi yake naijua. Kwanza ni hilo la uzito. Archimedes, yule Mgiriki wa Syracuse, alieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Maana yake kwa mtu wa goti ni hii: maji yakikufika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakikufika kifuani, inabeba kama theluthi. Yakikufika shingoni, imebaki sehemu moja ya kumi. Mimi nina kilo 94, kwa mujibu wa mizani ambayo siiamini, kwa hiyo nikisimama kwenye maji ya shingo miguu yangu inabeba kilo tisa na ushei. Chumvi nayo huongeza mkono, maana lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na maji mazito hukuinua kuliko maji ya bomba. Nilisimama pale nikitafuta maumivu yangu ya kila siku nisiyaone. Niliudhika sana.

Pili ni joto. Maji huhamisha joto upesi kuliko hewa, kiasi cha mara ishirini na tano, ndiyo maana maji ya baridi hukunyang'anya joto la mwili na misuli ikajikunyata, na yenye joto huilegeza. Mabwawa ya tiba ya hospitali huwekwa kati ya nyuzi 33 na 36. Bahari yetu haijafika huko, lakini mwezi wa Machi, kaskazi inapokaribia kuaga, hufika nyuzi 29, na Agosti, kusi ikivuma, huteremka hadi 25 hivi. Mgeni wa Ulaya akiingia maji ya nyuzi 25 hucheka kwa furaha. Mtu wa Kisauni akiingia maji hayo hayo alfajiri hupiga shahada.

Tatu, na hili ndilo lililonishinda mimi mwenyewe, ni ukaidi wa maji. Siku za mwanzo niliamua nitawaonyesha wazee wenzangu niliowakuta majini jinsi mwanamume anavyofanya mazoezi. Nikarusha mguu kwa nguvu. Haukwenda. Nikaongeza nguvu. Ukazidi kutokwenda. Kumbe ukiongeza mwendo mara mbili ndani ya maji, ukinzani wake hupanda mara nne. Maji ni karani wa dirishani: ukimharakisha anazidi kukuchelewesha, na ukimwendea kwa adabu shughuli inaisha. Na ukinzani huo ndio unaojenga misuli, taratibu, bila ya kuligonga goti. Mimi niliyeshindana na makarani maisha yangu yote, nimestaafu nakuta mwingine ananingoja baharini.

La nne watu huliona aibu kulisema, kwa hiyo nitalisema mimi. Ukizama mpaka kifuani, maji hukubana kutoka kila upande. Ubanaji huo una faida, hupunguza uvimbe wa miguu. Lakini pia huisukuma damu ya miguuni ikapanda kifuani, moyo ukadhani mwili una maji kupita kiasi, figo zikapewa amri ya kuyapunguza. Sasa fikiria kundi la wazee waliopita miaka sitini, kila mmoja tayari ana mgogoro wake wa kibofu, halafu figo zimepewa amri. Nusu ya mazoezi yetu ni safari za kwenda vyooni na kurudi. Wanaotoka nawahurumia. Wasiotoka kabisa, wakabaki majini wanatabasamu, najitenga nao hatua kadhaa.

Daktari akikwambia "kila asubuhi", anadhani bahari inafungua saa kumi na mbili. Bahari haina mlinzi wa lango. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi yameshakimbilia mwambani, yakakuachia uwanja wa mchanga na mwani. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yamepinduka: alfajiri ndio wakati wa kupwa. Unateremka ufuoni umejifunga taulo, unakuta bahari imesogea, na wewe mgonjwa wa goti unatakiwa uifuate kwa miguu mpaka upate maji ya kifuani. Yaani dawa ipo, lakini chupa imewekwa mwisho wa uwanja.

Nilipolalamika, mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniuliza, "Mzee, leo mwezi ngapi?" Nikamwambia leo ni tarehe saba Juni. Akanitazama kwa masikitiko. Yeye alikuwa anauliza mwezi wa angani, maana wavuvi wakijua tarehe ya mwezi wamejua na saa ya maji. Nimekaa pwani hii tangu kuzaliwa, nikaishi kwa kalenda ya ofisini, na sasa kwa uzee wangu ratiba yangu inapangwa na mwezi. Mke wangu akiniuliza kesho natoka saa ngapi, inanibidi nichungulie dirishani kwanza.

Kundi letu linaongozwa na bibi mmoja aliyepita miaka sabini, amevaa dera, kichwani amefunga leso, na sauti yake inafika mpaka kwenye mwamba. Wanawake wanasimama upande mmoja, wanaume upande mwingine, na yeye katikati anatuamrisha sote. Mgeni akija humhoji kabla hajalowesha unyayo: una presha? Unameza dawa zake? Moyo je? Una sukari? Una kidonda chochote? Mwenye kidonda anarudishwa, mwenye moyo wa mashaka anaambiwa alete kauli ya daktari, mwenye sukari haruhusiwi kuingia bila raba, kwa sababu anaweza kukanyaga kitu chenye ncha asikisikie. Na hakuna anayeingia peke yake, hata awe aliogelea ujana wake wote. Nilimwambia mimi nilikuwa mkuu wa kitengo. Akanijibu, "Vizuri, mwanangu. Simama mstari wa nyuma."

Tunaanza kwa kutembea mbele, kisha kinyumenyume, kisha ubavuubavu. Kinyumenyume ndiyo inayonichoma roho, maana vijana wanaokimbia mchangani hugeuka kututazama, wazee wazima tunarudi nyuma kwa pamoja kana kwamba bahari imetutukana. Halafu tunashikana mabega, tunapunga mguu mmoja mmoja. Tunanyanyua visigino. Tunachuchumaa nusu, tunainuka. Mwisho kila mtu huchukua dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko vizuri, akalikumbatia, akaelea nalo huku anapiga baiskeli kwa miguu. Nilipokuwa kazini nilikuwa na kiti cha kuzunguka. Leo nina dumu lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia.

Na ukitaka kuharakisha kidogo tu, unapigwa methali. Sijui ni nani aliyekaa na wahenga akawapanga dhidi ya mtu mwenye haraka. Nikirusha mguu upesi, upande huu naambiwa haraka haraka haina baraka. Nikigeuka, upande ule naambiwa mwenda pole hajikwai. Nikiuliza lini nitaona tofauti, wote kwa pamoja: haba na haba hujaza kibaba. Nikisema basi natoka naenda zangu, bibi ananimaliza kwa ile ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kuhusu nguo, nina la kusema. Mimi ni mtu wa stara, nikaona kaptura haifai kwa umri wangu, nikateremka na kikoi kizuri cha kufunga kiunoni. Kikoi nchi kavu ni heshima. Majini kikoi kina mawazo yake. Maji yaliponifika kiunoni kilijaa hewa, kikapanda, kikajitandaza juu ya maji pande zote, nami nikawa katikati nimesimama na bahari inajua siri zangu zote. Wenzangu waliangalia upande wa Lamu kwa adabu. Ngano inasema Archimedes alipopata ule ugunduzi wake ndani ya birika la kuogea alitoka mbio uchi barabarani akipiga kelele. Watu husema ilikuwa furaha ya elimu. Mimi nadhani alikuwa amevaa kikoi.

Siku iliyoniridhisha kwelikweli ni moja. Konyeza walikuwa wameingia na maji, mmoja akanipitia pajani, nikawashwa mpaka nikaruka, na goti likaruka nami. Wenzangu walinipa pole. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikamwambia mke wangu, leo angalau dawa imeuma.

Na gharama nazo zipo, wasikudanganye kwamba bahari ni bure. Kuingia ni bure. Kutoka ndiko kuna bili. Ukikauka na chumvi mwilini unawashwa mpaka jioni, kwa hiyo inakubidi ununue maji matamu kwa vijana wa ufuoni ujisuuze. Yaani unalipa kuondoa ile dawa uliyoipata bila malipo. Hapo bado tuktuk. Dereva wa tuktuk akikuona umelowa hukupungia mkono kwa mapenzi na kupita. Aliyekubali kunibeba alinitandikia gunia. Halafu njaa: hakuna maradhi yanayoleta njaa kama kutibiwa kwa maji ya uvuguvugu, na mama anayeuza mahamri na mbaazi pale nje ameshanijua kwa kikohozi. Mizani nisiyoiamini imeanza kunichukia waziwazi.

Sasa nifikie jambo lisilopendeza kulisema. Goti limetulia. Sikusema limepona, maana gegedu halikuota, na yule binti alinionya mapema nisitegemee hilo. Lakini asubuhi naamka bila kulishikilia kwa mikono miwili, na utingo nimemwambia aondoe mkono wake kwapani mwangu. Mlio umepungua sana. Juzi nilipanda kwa shemeji ghorofa ya tatu pasipo kutoa sauti, nikafungua mlango, nikawakuta wote wamelizunguka sinia, na shemeji ameshika paja la kuku hewani hajui alipeleke wapi. Kwa hilo nakiri maji yana faida.

Lakini ona kilichofuata. Mke wangu anasema ni dua zake. Binti yangu anasema ni Roosevelt. Mkandaji amenisimamisha njiani akasema ni kazi yake, ila imechelewa kufika. Shemeji anadai ni yeye aliyetaja maji kwanza, na kwamba kati ya Bogoria na Bamburi tofauti ni moto tu. Goti ni langu, baridi ya alfajiri nimeipata mimi, kikoi kilichonisaliti ni changu, na katika sifa hakuna aliyenikumbuka.

Kisha visingizio vyangu vyote vimekwisha. Mtu hajui thamani ya goti bovu mpaka litengemae. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipewa kiti cha mbele harusini, na sahani yangu ikiletwa nilipo. Mazishini walinitafutia kivuli. Mtungi wa gesi ulibebwa na kijana wa jirani. Wageni waliotaka kuonyeshwa mji walionyeshwa na mtu mwingine. Nilikuwa nikisema tu "goti", nusu ya majukumu ya dunia yananipita kando. Sasa mke wangu ameniona nikipiga baiskeli baharini na dumu kifuani, na akili yake imeanza kufanya hesabu. Wiki iliyopita nilibeba mtungi. Wiki hii ametaja kupaka rangi ukuta wa nyuma.

Nikarudi kwa yule mtaalamu mpole, nikitumai atanipa cheti cha kupunguziwa kazi. Akalikunja goti, akalikunjua, akafurahi kupita kiasi.

"Sasa nimemaliza?" nikauliza. "Dozi imekwisha?"

"Hii haina kumaliza, baba. Ukiacha, misuli inalegea, na goti linarudia yale yale."

"Mpaka lini?"

"Endelea nayo tu. Mara kadhaa kwa wiki. Taratibu."

Hapo ndipo nilipouelewa ujanja wa dawa laini. Dawa chungu ina heshima ya kufika mwisho. Unakunja uso, unameza, siku saba zikipita unatupa chupa na kuwasimulia watu. Hii ya uvuguvugu haikuumizi hata ukapata sababu ya kuiacha, haina ushujaa wa kumsimulia mtu yeyote, na haina kidonge cha mwisho. Inakutaka uwe mpole kwako mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, mbele za watu, na kwa mtu niliyezeeka katika kugomba, hakuna sindano iliyowahi kunidai hivyo.

Kesho ni mwezi kumi na saba. Maji yatakuwa yamejaa kama saa kumi na mbili alfajiri, kwa hiyo natakiwa kutoka kungali giza. Nimemwomba mke wangu aniamshe. Nimemwambia pia kwamba nitakataa, nitasema goti linauma, tena nitasema kwa ukali, na kwamba asinisikilize.